Picha Mia Tatu za Chubwi

Katika studio ile ya picha za pasipoti palikuwa na stuli moja, pazia jeupe, pazia la bluu, na koti jeusi lililotundikwa msumarini kwa ajili ya wateja wanaokuja bila koti. Mfukoni mwake mlikuwa na tai iliyokwisha kufungwa fundo, mtu anaitia shingoni tu kama kitanzi. Ukikusanya vitambulisho vya wanaume wa mtaa mzima utakuta wote wamevaa koti hilo hilo, mwembamba limempwaya, mnene limekataa kufunga.

Mpiga picha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, mwenye mazoea ya kufumba jicho moja hata asiposhika kamera. Akizungumza na mtu amefumba moja, akichagua nyanya amefumba moja. Kazini maneno yake yalikuwa machache: "Kidevu juu kidogo. Masikio yaonekane. Usicheke. Umecheka." Mteja akishaondoka, alikaa kwenye kompyuta akamsafisha uso. Chunusi, jasho la puani, kovu la utotoni, vyote alivifuta kwa kubonyeza, kidole kimoja, haraka kama mama anayepukuchua mahindi huku anaongea. Kisha alihifadhi juu ya picha ile ile, ya awali ikapotea. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kudai chunusi zake.

Lakini nyuso hazikumpa raha. Raha yake ilikuwa maji.

Ilianza msimu mmoja wa mvua, bati la studio lilipotoboka. Mwenye studio aliweka kopo chini ya tundu, likawa linapokea tone baada ya tone, ti, ti, ti, kutwa nzima, na wateja hawaji kwa sababu ya matope. Kwa kuchoka kukaa bure, mpiga picha akalielekezea kopo kamera. Alipiga mara nyingi asipate kitu ila duara za maji. Halafu moja ikatoka: tone limegonga, maji yameinuka pande zote kama taji, na juu ya kila ncha ya taji kumekaa kitone kingine, kimetulia hewani kana kwamba kimesahau kuanguka. Aliitazama mpaka mteja aliyekuwa amesimama mlangoni akakohoa mara ya pili.

Tangu siku hiyo akawa hana dawa. Alijifunza mwenyewe, kwa kukosea. Kwamba tone halisubiriwi kwa jicho, kidole lazima kilitangulie. Kwamba mfuko wa plastiki ukiutoboa kwa sindano na kuutundika, unadondosha kwa mwendo mmoja kama saa. Kwamba tone linaloning'inia hubeba ndani yake kila kilicho nyuma, lakini juu chini. Siku moja aliliona bati la nyumba limening'inia miguu juu ndani ya tone la bomba akacheka peke yake. Na alijua, kama mpishi anavyojua chumvi, kwamba kamera haiwezi kukazia macho vitu viwili kwa pamoja. Ukiipa tone, kilicho nyuma ya tone kinakuwa ukungu.

Mwenye studio, mzee wa utani, alimbandika jina Matone.

"Matone," alimwambia, "siku utakayoniletea tone lenye masikio yote mawili yanaonekana, nitalichapia pasipoti mimi mwenyewe."

"Litavaa koti, mzee?"

"Koti langu limemkataa nani?"

Matone hakujaliwa mtoto. Aliishi nyumba moja na mdogo wake, mlango kwa mlango, ua mmoja, na huyo mdogo wake alikuwa na binti mmoja. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori ya masafa, akija nyumbani anaketishwa kiti cha mgeni. Mtoto alipewa jina la bibi yake mzaa baba, lakini halikukaa. Tangu alipoweza kuketi, akiona maji yoyote, ya beseni, ya ndoo, hata chai ya mtu kikombeni, aliinua kiganja na kukishusha kwa nguvu zake zote: chubwi! Basi akawa Chubwi, na bibi yake akanuna.

Matone angepata wapi bahati kama hiyo? Kila alasiri, jua likiingia uani kwa ubavu, mdogo wake alimkalisha mtoto kwenye beseni jekundu, na Matone akalala kifudifudi juu ya kipande cha boksi, kamera kuukuu ya studio usoni.

"Dada, utalowa."

"Mwache apige tena. Chubwi! Piga maji, mama, piga!"

"Mtoto wangu umemfanya kibarua."

"Kibarua gani anaogeshwa na bosi?"

Chubwi alipiga, maji yakaruka, kamera ikalia. Rangi nyekundu ya beseni ilikuwa nzuri nyuma ya maji. Ngozi ya mtoto nayo, kahawia yenye kung'aa, ilikuwa nzuri nyuma ya maji. Jioni Matone alimwonyesha mdogo wake kwenye kioo kidogo cha kamera, na mdogo wake, mikono ina povu, alichungulia upesi upesi akasema, "Maji yametoka." Kioo chenyewe kilikuwa kikubwa kama kiberiti. Nani angeona zaidi?

Simu ya mdogo wake ilikuwa ya vitufe, haina kamera. Mume alipomwambia atamletea nyingine inayopiga picha, alijibu, "Ya nini? Nyumba ina mpiga picha. Mletee mtoto viatu." Na jirani alipotaka kumpiga Chubwi na ya kwake, mama mtu alimzuia kwa maringo kidogo, maringo ya mtu ambaye hana mengi ya kuringia: "Huyu ana mpiga picha wake."

Chubwi alikuwa na mwaka na miezi minne alipoanza kukohoa. Siku ya kwanza kikohozi, siku ya pili homa, siku ya tatu mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Hospitali walisema ni mapafu. Walimtia mpira wa hewa puani, mpira mpana kuliko pua yenyewe, wakaubandika mashavuni kwa plasta. Siku ya tano asubuhi mama yake alitoka kidogo kwenda kusuuza kikombe kwenye bomba la nje. Aliporudi kikombe bado kinadondosha maji, na nesi alikuwa ameshamfunika uso.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Baba mtu alikuja kuzika, akakaa siku mbili kwenye kile kiti cha mgeni, akarudi barabarani. Mama mkwe akabaki wiki nzima. Alikuwa jikoni anaosha masufuria aliposema, kwa sauti iliyopimwa kufika uani, "Mtoto kila siku majini, kila siku majini, mtu analala chini anapiga picha. Mapafu ya mtoto ni sifongo?"

Matone alisikia. Nesi alikuwa amewaeleza vizuri kwamba ule ugonjwa ni wa vijidudu, kwamba kuogeshwa hakumpi mtoto ugonjwa wa namna ile. Lakini maneno ya nesi yalibaki hospitali, na ya mama mkwe yalikuwa yanalala nyumbani. Matone aliitia kamera kuukuu ndani ya boksi lake, boksi akalisukuma chini ya meza ya studio. Mvua ilinyesha, bati likavuja, na yeye akapishana na kopo kama mtu anayepishana na mdai wake.

Wiki ya tatu mdogo wake alimjia mlangoni. Alikuwa amekonda shingo, na nguo ya kifuani ilikuwa na alama mbili za maziwa yaliyokauka, maana kifua hakikuwa kimepata habari.

"Dada. Zile picha."

"Zipi?"

"Za Chubwi. Nataka moja ya uso. Nyingine nitachukua pole pole, lakini hiyo naitaka sasa." Akaegemea mlango. "Jana nilikuwa nafua, nikajaribu kuikumbuka pua yake. Ikaja pua ya mtoto wa jirani. Nikaifukuza, ikarudi ile ile. Dada, naanza kumpoteza, na hata mwezi haujaisha."

"Nitakuletea kesho," Matone akasema.

Kesho yake, studio ilipokuwa tupu, alifungua kwenye kompyuta lile faili alilolipa jina Maji. Zilikuwa picha mia tatu na kumi na mbili. Akafungua ya kwanza. Maji yalisimama kama glasi iliyovunjika hewani, kila kipande kikali kama sindano, na nyuma yake kulikuwa na doa jekundu na doa la kahawia. Akafungua ya pili. Ya ishirini. Ya mia. Kiganja alikipata, kimelowa, kizuri, mpaka mistari ya kidole. Vidole vya miguu alivipata. Goti. Uso ulikuwapo kila mahali na haukuwapo popote, mviringo wa ukungu wenye vivuli viwili palipo na macho. Na zile chache ambazo hazikuwa na maji mbele, zile alizopiga kwa kukosea, alikuwa amezifuta zamani. Hazikuwa na kazi.

Mfinyanzi hulia gaeni, wazee walisema, na mpaka siku ile Matone alikuwa akiusikia msemo huo kama utani wa watu wa vyungu.

Nyumbani alisema kompyuta imeharibika. Siku ya pili akasema fundi hajaja. Siku ya tatu, saa sita mchana, mdogo wake akaingia studio mwenyewe, mtandio kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Chubwi, pole tena, mwanangu," akasema mwenye studio, naye akainuka kumpisha. "Karibu ukae."

"Nimesikia kompyuta imewaharibikia."

"Hii? Asubuhi hii imetoa pasipoti kumi na moja!"

Mzee alimwangalia huyu, akamwangalia yule, akakumbuka ghafla kwamba ana jambo dukani kwa jirani.

Mdogo wake aliketi kwenye stuli ya wateja, pazia jeupe nyuma yake, kama aliyekuja kupigwa. Matone akafungua faili. Akawa anabonyeza tu, picha baada ya picha.

"Huyu nani?"

"Chubwi."

"Na hapa?"

"Ni yeye."

"Hapa?"

Mdogo wake aliinama karibu na kioo, akagusa ule ukungu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetaka kuupangusa mvuke dirishani. Haukupanguka.

"Unajua mama mkwe anasema nini kuhusu maji?"

"Najua."

"Mimi sikulaumu kwa maji. Nilikuwapo nesi aliposema." Alizungumza taratibu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Lakini mwaka mzima ulimlalia mwanangu pale chini, jicho kwake. Na hukumwona hata siku moja."

Akajitanda mtandio, akatoka.

Basi Matone alianza upya kutoka ya kwanza. Kila mteja alipoondoka alirudi, akavuta picha ikawa kubwa, akatafuta pembe kwa pembe kama anayechagua mchele. Alikuwa anatafuta bahati, mahali ambapo kamera iliteleza ikamwona mtoto. Kamera haikuteleza. Alikuwa ameijua kazi yake vizuri mno.

Siku ya nne alifika kwenye picha aliyokuwa ameisahau. Asubuhi moja baada ya mvua, waya wa kuanikia nguo, na matone saba yamening'inia chini yake kwa mstari. Nyuma, chini ya upenu, kulikuwa na ukungu mrefu wenye ukungu mfupi juu yake: mdogo wake amembeba Chubwi. Alitaka kupita. Halafu akakumbuka bati la nyumba lililosimama miguu juu ndani ya tone la bomba, na mkono wake ukakataa kubonyeza.

Alilivuta tone la kwanza. Ndani yake mlikuwa na ukuta, juu chini. La pili lilikuwa limeanza kuanguka, limerefuka, kila kitu ndani limekivuta kama ubani wa kutafuna. La nne lilikuwa na bega la mdogo wake. Tone la sita, karibu na kibanio cha nguo, lilikuwa la mviringo, limetulia, na ndani yake mtu mdogo sana alikuwa amening'inia kichwa chini, anatazama kamera.

Alikuwa na macho mawili. Mdomo wazi kidogo, wa mtu aliyesikia jina lake.

Matone alikata kipande kile, akakigeuza. Chubwi akasimama wima. Hakuweza kumkuza zaidi ya ukubwa wa picha ya pasipoti, maana akizidi tu uso ulikuwa unapukutika kuwa mchanga. Lakini katika ukubwa ule alikuwa yeye, na pua ilikuwa yake, si ya jirani. Matone alilia bila sauti, na huku analia vidole vyake vikafanya kazi viliyoizoea. Vikatoa mng'ao wa tone kwenye paji la uso. Vikafuta vumbi, doa hili, na lile, na lile. Vikaweka nyuma yake pazia jeupe. Vikahifadhi juu ya ile ile picha ya waya.

Mwenye studio alikuwa amesimama nyuma yake. Matone hakujua amesimama hapo tangu lini. Mzee alivua kofia, akaitazama kompyuta muda mrefu.

"Masikio yote mawili," akasema hatimaye. Akaenda kuwasha mashine ya kuchapa, mwenyewe. "Pisha. Niliahidi."

Ilitoka kama zinavyotoka pasipoti zote, nane kwenye karatasi moja.

Mdogo wake alikuwa uani. Lile beseni jekundu lilikuwa limefunikwa kifudifudi ukutani, kavu, na buibui ameshaweka nyumba ukingoni. Matone alimpa karatasi. Mdogo wake aliipokea, akakaa chini pale pale.

"Ni yeye," akasema. "Dada, ni yeye. Pua ndiyo hii. Ndiyo hii!" Akaisogeza karibu. Akaiweka mbali. Akaisogeza tena, na Matone akaona kitu kinazimika usoni mwake, pole pole, kama jiko linaloishiwa mafuta.

"Kidoa kiko wapi?"

"Kidoa?"

"Kile cha chini ya jicho. Cheusi, kama ufuta."

Matone alikuwa amekiona kidoa kile. Alikiona siku ile ile, mchana huo huo, kwenye kompyuta, na kidole chake kikakipita kama kinavyopita chunusi za watu.

"Nimekifuta," akasema.

"Umekifuta?"

"Nilidhani ni uchafu wa tone. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Basi kirudishe."

"Hakirudi, mdogo wangu. Nilihifadhi juu ya ile ile."

Angepigwa kofi angeshukuru. Mdogo wake alimtazama tu, kisha akainuka, akaingia ndani. Matone akajua amekwenda kufunga mlango, na hautafunguliwa tena, si kwake. Lakini alirudi. Mkononi alikuwa na kalamu ya wanja, ile ya kujipaka machoni, iliyobaki fupi kama kiungo cha kidole. Alilifuta beseni vumbi kwa kiganja, akatandika karatasi juu ya kitako chake kama mezani. Akapiga magoti, akashusha kalamu hadi kwenye uso wa kwanza.

Kalamu ikasimama hewani.

"Dada," akasema bila kuinua kichwa. "Kilikuwa jicho gani?"

Mwaka mzima, kila alasiri, Matone alilala hatua mbili kutoka kwenye uso ule. Aliyakumbuka maji yote. Angeweza kumwambia siku ipi yaliruka kulia na siku ipi yalijigawa mara mbili.

"Sijui," akasema.

"Kushoto, nadhani. Lakini ni kushoto kwake, au kushoto kwangu nikimtazama?" Aliisogeza kalamu upande mmoja, akairudisha. "Nikikosea nitamzoea hivi hivi, kimekaa upande usio wake. Nitamkumbuka mtoto ambaye hayupo."

Nyumba ya pili mtu alikuwa anapiga nyundo. Ikanyamaza, ikaanza tena.

Mdogo wake akaweka kalamu chini. Akaukunja mkono wa kushoto kifuani, kiwiko kimepanda kidogo, kama mwenye kichwa cha mtoto juu yake, akainamia pale penye ziwa la kushoto. Alikaa hivyo. Kisha mkono wa kulia ukaja wenyewe, kidole gumba kikashuka hewani, kikapangusa kitu ambacho hakikuwapo, kikasimama.

"Hapa," akasema. "Nikimpa ziwa hili, shavu la kulia lililala mkononi, na kidoa kilikuwa juu, nakiona. Siku ya kwanza nilidhani ni uchafu. Nikapangusa, kikakataa. Nikatia mate, kikakataa. Nikacheka peke yangu wodini."

Akaichukua kalamu. Karatasi ya picha ilikuwa inateleza, wanja ukakataa mara mbili, akakandamiza. Nukta ikakaa: upande wa kulia wa anayetazama, kushoto kwa mtoto, chini ya jicho. Akahamia uso wa pili, na wa tatu, hakuharakisha hata mmoja, mpaka zote nane. Halafu akaomba mkasi. Akakata moja ya pembeni, kwa uangalifu, akamnyooshea dada yake.

"Hii yako," akasema. "Mwangalie."

Matone aliipokea kwa mikono miwili. Wanja ulikuwa bado mbichi, haikuwezekana kuitia mfukoni wala kuigeuza. Akabaki ameketi pale uani, kando ya beseni, ameishika wima kwa kingo zake, macho yote mawili wazi.